Mtaa wa 50 uko upande gani? Uchambuzi wa ramani ya reli ya New York ya mwaka 1972

Mwezi wa Agosti 1972 mamlaka ya usafiri ya New York, ambayo wenyeji huiita kwa herufi zake MTA, ilitoa ramani mpya ya reli ya mjini iliyosanifiwa na Massimo Vignelli, msanifu mzaliwa wa Italia aliyekuwa akiishi na kufanya kazi katika mji huo. Ramani hiyo ilidumu miaka saba tu. Mwaka 1979 iliondolewa na nafasi yake ikachukuliwa na nyingine isiyofanana nayo hata kidogo, na tangu hapo kisa chake husimuliwa kwa namna mbili: wapenzi wa usanifu husema kwamba kazi bora ilikataliwa na umma usioielewa, na wapinzani wao husema kwamba msanifu alijali uzuri wa karatasi kuliko haja ya msafiri. Kwa maoni yangu masimulizi yote mawili yanaliruka jambo lenyewe. Ramani ile ilisema kweli kwa ukamilifu wa ajabu katika mambo fulani, ikasema uongo katika mengine, na ukweli na uongo huo vinaweza kuonekana vyote katika kipande kimoja cha mji, yaani upande wa magharibi wa Manhattan, kisiwa kilicho kitovu cha mji, kuanzia Mtaa wa 42 hadi Mtaa wa 110. Hicho ndicho nitakachokichambua.

Kinachoifanya reli ya New York iwe ngumu kuchorwa si wingi wa stesheni peke yake, ingawa leo zinahesabiwa 472. Ugumu mkubwa unatokana na jinsi treni zinavyotumia njia. Reli ya kwanza ya chini ya ardhi ilifunguliwa mwaka 1904, na baada ya hapo mji ukajengewa mitandao mitatu, miwili ya kampuni binafsi na mmoja wa mji wenyewe, ambayo iliunganishwa chini ya mwenye mali mmoja mwaka 1940. Sehemu nyingi za mitandao hiyo zina reli nne sambamba: mbili za kando kwa ajili ya treni zinazosimama kila stesheni, na mbili za katikati kwa ajili ya treni za haraka zinazoruka stesheni kadhaa. Juu ya hayo, treni zinazokwenda pamoja kwa kilomita nyingi ndani ya Manhattan huachana zikifika sehemu nyingine za mji zilizo ng'ambo ya maji, yaani Brooklyn, Queens au Bronx. Mwaka 1967 ilifunguliwa njia ya Chrystie Street iliyounganisha mitandao miwili kati ya ile mitatu, na kwa hiyo ramani za zamani, zilizotumia rangi moja kwa kila mtandao, zikakosa maana: treni moja ilikuwa ikianza safari katika rangi moja na kuimalizia katika nyingine.

Jambo la pili ni mji wenyewe. Mwaka 1811 Manhattan ilipangiwa mitaa ya mraba yenye namba. Mitaa inayokata kisiwa kwa upana inahesabiwa kutoka kusini kwenda kaskazini, na barabara kubwa zinazokwenda kwa urefu zinahesabiwa kutoka mashariki kwenda magharibi. Mitaa kama 20 hufanya maili moja, kwa hiyo kutoka mtaa mmoja hadi unaofuata ni kama mita 80. Mkazi akisikia kwamba stesheni fulani iko Mtaa wa 50 na Barabara ya 8, hahitaji ramani kujua iko wapi. Anaweza hata kukadiria dakika za kutembea. Ni miji michache ambamo wakazi wa kawaida wamebeba kichwani kipimo cha kusahihishia ramani, na New York ni mmojawapo. Mchoraji anayekaa kuchora reli ya mji kama huo anafanya kazi mbele ya wakaguzi milioni kadhaa.

Kanuni za Vignelli zilikuwa chache na zilifuatwa bila kulegea. Mistari yote ilichorwa wima, mlalo, au kwa mshazari wa nyuzi 45. Kila treni yenye herufi au namba yake ilipewa ukanda wake wa rangi, na treni zinazotumia reli moja zilichorwa kanda zao zikiwa zimebanana ubavu kwa ubavu. Stesheni ilionyeshwa kwa kitone cheusi juu ya ukanda wa kila treni inayosimama hapo. Palipo na kitone treni husimama. Pasipo na kitone hupita. Umbali kati ya stesheni na stesheni ulisawazishwa, mitaa ya juu ya ardhi haikuchorwa, maji yalipakwa rangi ya mchanga na bustani zikapakwa kijivu.

Ubora wa kanuni ya kitone unaonekana mara moja ukifuata reli iliyo chini ya Barabara ya 8 inapopita ukingo wa magharibi wa bustani ya Central Park. Kutoka stesheni ya Mtaa wa 59, penye mzunguko wa Columbus Circle, hadi Mtaa wa 110, kuna stesheni za Mtaa wa 72, 81, 86, 96 na 103. Treni A na D, ambazo ni za haraka, hazisimami katika hizo zote: zikishatoka Mtaa wa 59, kituo kinachofuata ni Mtaa wa 125 huko Harlem, mitaa 66 mbele, zaidi ya kilomita tano. Mgeni anayetaka kwenda kwenye jumba la makumbusho ya viumbe lililopo Mtaa wa 81, akipanda A kwa sababu ndiyo iliyotangulia kufika, atayaona majina ya stesheni yakipita dirishani hadi atokezee Harlem. Ramani ya 1972 ilimwonya kwa jicho tu, bila kumtaka asome chochote. Kanda za A na D zilipita kando ya bustani zikiwa tupu, na kanda jirani zikiwa na vitone vyake kwa mpangilio. Sijaona mchoro mwingine wa karatasi, kabla yake wala baada yake, uliolieleza jambo hilo kwa uwazi kama huo, na nadhani waliouondoa hawakuupima vya kutosha upande huu wa hesabu.

Sasa turudi Mtaa wa 59 na tushuke mitaa tisa kwenda kusini, tufike Mtaa wa 50. Hapo pana stesheni mbili zenye jina lilelile, moja chini ya Barabara ya 8 na nyingine chini ya Broadway, ambapo husimama treni 1. Broadway ni barabara ya kale kuliko mpango wa 1811, haikunyooshwa, na inaukata ule mraba kwa mshazari. Kaskazini ya Mtaa wa 59 iko magharibi ya Barabara ya 8. Inaivuka pale Columbus Circle. Na kuanzia hapo kwenda kusini iko mashariki yake, mpaka ikutane na Barabara ya 7 karibu na Times Square. Reli ya treni 1 inaifuata Broadway, kwa hiyo nayo inapishana na reli ya Barabara ya 8 papo hapo, Columbus Circle. Ukiwa Mtaa wa 50, basi, stesheni ya Broadway iko mashariki ya ile ya Barabara ya 8, mwendo wa dakika chache kwa mguu.

Ramani ya 1972 iliiweka magharibi. Msafiri aliyetoka katika stesheni ya Broadway akitafuta Barabara ya 8, akiifuata ramani, angetembea kuelekea mashariki na kujikuta katika Barabara ya 7. Kosa kama hilo lilijitokeza pia kusini kabisa ya kisiwa, ambako stesheni ya Bowling Green ilichorwa kaskazini ya stesheni ya Rector Street ilhali iko kusini yake. Wakosoaji waliitaja mifano hiyo miwili mara nyingi, na waliitaja kwa haki.

Ni vyema tuelewe kosa la Mtaa wa 50 lilivyozaliwa, kwa sababu halikutokana na uzembe. Kanda za treni zinazopita Broadway na kanda za treni zinazopita Barabara ya 8 zinapaswa kupishana mahali fulani kati ya Mtaa wa 72 na Mtaa wa 42. Pale Columbus Circle kuna stesheni ya kubadilishia treni, na humo baadhi ya treni husimama na nyingine hupita: treni 2 na 3, kwa mfano, zinaruka kutoka Mtaa wa 42 hadi Mtaa wa 72. Kwa hiyo mahali hapo panahitaji vitone vingi, jina la stesheni, na majina ya treni, na mchoraji akipitisha mapishano ya kanda papo hapo, vitone vitaangukia kwenye mshazari na maandishi yatakosa mahali pa kukaa. Ukiyasogeza mapishano kusini, kwenye nafasi iliyo wazi kidogo kati ya Mtaa wa 50 na wa 42, stesheni ya Mtaa wa 59 inakaa vizuri katika mistari iliyonyooka. Kwa jicho la mtu anayepanga karatasi, hiyo ndiyo njia nyepesi. Lakini kwa kusogeza mapishano, stesheni ya treni 1 ya Mtaa wa 50 imebaki upande usio wake.

Mchoraji alikuwa na njia nyingine walau mbili. Angeweza kupanua nafasi kati ya Mtaa wa 59 na Mtaa wa 50, akayapitisha mapishano mara tu baada ya Columbus Circle na kabla ya kitone cha Mtaa wa 50. Hilo lingeharibu usawa wa umbali kati ya stesheni, usawa ambao hakuna msafiri aliyewahi kuuomba. Au angeweza kuikubali stesheni ya Columbus Circle ichorwe kwenye mshazari, maandishi yakiwekwa pembeni na kuunganishwa na vitone kwa mstari mwembamba. Zote mbili zina gharama, lakini ni gharama ya sura. Njia iliyochaguliwa ilikuwa na gharama ya ukweli, na tena ukweli wa aina ambayo mtu anaupima kwa miguu yake.

Hapa pana haja ya kutenganisha mambo ambayo mara nyingi huchanganywa chini ya neno usahihi. Mchoro wa njia unaweza kubadilisha umbali, na wasafiri wengi hawatajali, kwa kuwa ndani ya treni umbali unahesabiwa kwa stesheni. Unaweza kunyoosha kona ambayo aliyeko handakini hawezi kuiona. Kinachokataa kubadilishwa ni mpangilio: kipi kinatangulia kipi, kipi kiko kushoto na kipi kulia, nini kiko ng'ambo ya mto. Msafiri akishapanda ngazi na kutokea barabarani, hana tena vitone wala kanda; alichobaki nacho ni kujua aelekee upande gani. Mchoro uliovuta umbali mara tatu umemchelewesha kidogo, ila mchoro uliogeuza kushoto kuwa kulia umempoteza. Vignelli alivunja umbali na mpangilio kwa pamoja bila kuonyesha kwamba aliona tofauti kati ya hivyo viwili, na wakosoaji wake wengi nao hawakuiona, ndiyo maana walidai ramani iliyochorwa upya tangu mwanzo wakati mchoro uleule ungeweza kuokolewa kwa kurekebisha mapishano machache.

Bustani ya Central Park ni kesi tofauti kidogo. Kwa uhalisia ni mstatili mrefu wenye urefu wa kilomita nne hivi na upana usiozidi kilomita moja. Katika ramani ya 1972 ilionekana karibu mraba, na ya kijivu. Ukifuata kanuni za mchoro, utaona jinsi umbo hilo lilivyopatikana. Manhattan ni kisiwa chembamba, kisichofika kilomita nne pale kilipo kipana zaidi, lakini ndicho kinachobeba karibu njia zote za treni, na kila treni ilikuwa imeahidiwa ukanda wake. Kisiwa hakikuwa na budi kupanuliwa. Wakati huohuo urefu wa bustani ulikuwa ni nafasi sita tu kati ya stesheni saba, kila nafasi ikiwa fupi na sawa na nyingine. Upana umevutwa, urefu umekunjwa, na mstatili ukawa mraba. Hakuna aliyekaa akaamua kuchora bustani mraba. Ilijichora yenyewe kutokana na maamuzi mengine.

Lakini hakuna aliyelazimishwa kuiweka bustani katika mchoro. Hapo ndipo ninapoona udhaifu mkubwa zaidi wa kazi ile, kuliko hata Mtaa wa 50. Mchoro usio na mitaa, usio na majengo, wenye pembe za nyuzi 45 pekee, unamwambia msomaji kwamba hausemi lolote kuhusu ardhi. Ukishaweka bustani na mito, umebadilisha kauli: sasa unasema kitu kuhusu ardhi, na msomaji ana haki ya kukuuliza kama ni kweli. Kila mkazi aliijua bustani ile, na rangi ya kijivu ilimfanya aone kwamba mchoraji hakuijua. Vignelli mwenyewe alikiri miaka mingi baadaye kwamba ingekuwa afadhali asingeweka bustani wala maji kabisa. Nadhani alikuwa nusu sahihi. Kwa upande wa bustani nakubaliana naye, lakini mito ni mpangilio, si pambo; anayesafiri kutoka Brooklyn anahitaji kujua kama stesheni anayoshukia iko kabla au baada ya maji.

Wanaomtetea Vignelli hupenda kuitaja London, na ulinganisho huo unafaa kuangaliwa kwa makini. Harry Beck, aliyekuwa mchoraji wa michoro ya kihandisi, alichora rasimu yake mwaka 1931, ikakataliwa, kisha ikachapishwa mwaka 1933 na kupokelewa vizuri. Naye alitumia wima, mlalo na nyuzi 45, akapanua katikati ya mji na kuibana pembezoni. Uongo wake wa umbali ni mkubwa: kutoka Leicester Square hadi Covent Garden ni mita 260 tu, na bado kwenye mchoro ni nafasi kamili kati ya stesheni na stesheni kama nyingine yoyote. Kwa nini London ikakubali na New York ikakataa? Sababu mojawapo ni kwamba mitaa ya London imepindapinda na majina yake hayahesabiki, kwa hiyo mkazi wa kawaida hana kipimo kichwani cha kumshtaki mchoraji. Kwa wengi, mchoro wa reli ndio uliowafundisha umbo la mji. Sababu nyingine ni kwamba treni za London, kwa sehemu kubwa, husimama kila stesheni ya njia yao, kwa hiyo mstari mmoja kwa njia moja unatosha, na mstari mmoja unaacha nafasi ya kupinda mahali panapohitajika. Beck pia aliubakiza mto Thames. Mwaka 2009 mto huo ulipoondolewa kwenye toleo la mfukoni la mchoro, wakazi walilalamika kwa nguvu hata ukarudishwa mwaka huohuo. Watu waliovumilia uongo wa umbali kwa miaka zaidi ya 70 hawakuvumilia kunyimwa alama moja ya mpangilio.

Turudi New York. Miaka ya 1970 ilikuwa migumu kwa mji huo: mwaka 1975 serikali yake ilikaribia kufilisika, abiria wa reli walikuwa wakipungua, na hofu ya uhalifu handakini ilikuwa kubwa. Mamlaka ilitaka ramani ambayo ingewavuta watu, yenye bustani za kijani na maeneo ya kutembelea, itakayomtuliza mtu kwa kumwonyesha hasa atatokea wapi. Iliundwa kamati iliyokuja kuongozwa na John Tauranac, mwandishi wa mambo ya mji, na ndani yake alikuwamo mwanasaikolojia Arline Bronzaft, ambaye mwaka 1976 alishiriki kuchapisha utafiti kuhusu wasafiri wasiozijua njia hizo, utafiti ulioonyesha kwamba ramani iliyokuwapo iliwapa shida kupanga safari zao. Tarehe 20 Aprili 1978 Vignelli na Tauranac walijadiliana hadharani katika ukumbi wa chuo cha Cooper Union. Mjadala wa hadharani kuhusu ramani za reli ni jambo ambalo labda lingetokea New York pekee. Mwaka uliofuata ikatoka ramani mpya iliyochorwa na kampuni ya Michael Hertz.

Katika kipande chetu, ramani ya 1979 ilirudisha ukweli wa mahali. Central Park ikawa ya kijani na mstatili, Broadway ikavuka Columbus Circle, na Mtaa wa 50 wa Broadway ukarudi mashariki. Mitaa mikuu ikachorwa, na kona za reli zikapindwa kwa mikunjo laini. Rangi nazo zilipangwa kwa namna ambayo haijabadilika hadi leo katika mambo ya msingi: badala ya kila treni kuwa na rangi yake, treni zote zinazotumia njia moja kuu ya Manhattan hushirikiana rangi, bluu kwa Barabara ya 8, nyekundu kwa Barabara ya 7 na Broadway ya juu, kijani kwa Barabara ya Lexington, na kadhalika. Huo ulikuwa uvumbuzi wa maana. Rangi nyingi mno haziwezi kukaa katika kumbukumbu ya mtu, na miongoni mwao lazima kuwe na zinazokaribiana. Rangi tisa au kumi zinakumbukika.

Gharama yake ilikuwa kwamba kanda zote za njia moja zikawa mstari mmoja. Ile onyo ya wazi kwamba A haisimami Mtaa wa 81 ikahamia kwenye herufi ndogo zilizoandikwa chini ya jina la stesheni, B na C katika matoleo ya baadaye ya ramani hiyo, na msafiri akatakiwa kuelewa kwamba A isipoandikwa haisimami. Kwenye Mtaa wa 50 alisoma C na E. Kwenye kila stesheni, mamia yake, alisoma. Anayejua kusoma orodha kama hiyo hapati shida, lakini mgeni, au mtu mwenye macho hafifu akiwa amesimama mbele ya ramani iliyobandikwa ndani ya behewa linalotikisika, amenyimwa kitu ambacho alikuwa nacho kabla ya 1979. Na isidhaniwe kwamba ramani hiyo ya pili ilikuwa ya kipimo. Manhattan ilipanuliwa humo pia, kwa sababu ileile ya wingi wa njia, na kisiwa cha Staten Island kilipunguzwa na kufungiwa katika kisanduku pembeni. Ilipinda umbali kama mtangulizi wake. Tofauti ni kwamba iliupinda kwa adabu, bila kugeuza mpangilio, na ikavaa mikunjo na rangi za kijani zilizofanya upindaji huo usionekane. Hapo kuna hatari yake, kwa kuwa mchoro wa nyuzi 45 hujitangaza kuwa ni mchoro, ilhali ramani yenye mikunjo huaminiwa hata pale isipostahili.

Suala la kuaminiwa si la nadharia. Mwaka 2011 Zhan Guo, mtafiti wa Chuo Kikuu cha New York, alichapisha utafiti kuhusu abiria wa London uliochunguza jinsi wanavyochagua njia palipo na njia zaidi ya moja. Aligundua kwamba urefu wa safari kama unavyoonekana kwenye mchoro una uzito kama mara mbili ya muda halisi wa safari katika uamuzi wa abiria, na hata waliosafiri mara nyingi hawakuponywa kabisa na uzoefu wao. Maana yake ni kwamba mchoraji anayefupisha njia moja na kurefusha nyingine kwa ajili ya kupata nafasi ya maandishi anawahamisha abiria kutoka treni moja kwenda nyingine bila kujua. Kwa hiyo hata ule upotoshaji wa umbali ambao nimeuita mwepesi una mpaka wake: ni mwepesi pale ambapo msafiri ana njia moja tu, na si mwepesi pale njia mbili zinaposhindania safari ileile.

Mwaka 2011 mamlaka ya New York ilimwita tena Vignelli na wasaidizi wake wachore mchoro wa kielektroniki wa mabadiliko ya mwishoni mwa juma. Safari hii bustani na mapambo mengine ya ardhini viliachwa, rangi za njia kuu zilizoletwa mwaka 1979 zikachukuliwa, na kila treni ikarudishiwa ukanda wake ndani ya rangi ya njia yake. Kanda za treni A, C na E za Barabara ya 8 zikawa zote bluu, zimebanana, kila moja na vitone vyake. Huo ndio ufumbuzi ambao kambi zote mbili za 1978 zingeweza kuufikia kama zingekaa meza moja, kwa sababu rangi ya pamoja na ukanda wa kila treni havigombani hata kidogo. Vignelli alifariki mwaka 2014. Tarehe 2 Aprili 2025 mamlaka ilitangaza ramani rasmi mpya iliyofuata misingi hiyo, yenye usuli mweupe, mistari iliyonyooka, vitone vyeusi na maandishi ya mlalo yanayosomeka kwa urahisi na wenye uoni hafifu. Ndani yake treni 1 inapishana na Barabara ya 8 pale inapopishana kwa kweli.

Lipo jambo ambalo ramani hii ya karatasi ya 2025 nayo haijalimaliza. Kanuni ya kitone inachukulia kwamba treni ina tabia moja, na treni za New York hufanya kazi saa 24 kwa ratiba zinazobadilika. Mchana, kwa ratiba ya leo, ukanda wa A unapita Mtaa wa 81 bila kitone na hiyo ni kweli. Usiku wa manane treni C haifanyi kazi, B nayo haipo, na A ndiyo inayosimama Mtaa wa 72, 81, 86 na nyingine zote ilizokuwa ikiziruka. Ramani ya kielektroniki iliyoanzishwa mwaka 2020 hujichora upya kulingana na saa na mabadiliko ya njia, na mwenye simu anaona vitone vya wakati ule. Aliyesimama mbele ya karatasi ukutani saa nane usiku anaona ukanda wa mchana, na habari ya usiku inambidi aitafute katika maelezo yaliyoandikwa kando, kwa herufi ndogo kuliko zote zilizomo katika ukurasa.